Shavu la Kushoto la Kemilembe

Eti mimi sina kazi. Maharage hayajapigwa, mbuzi amekata kamba, na mtu ananisimamia mlangoni na kalamu: "Bibi, andika wewe, ndiye unayejua." Niandike mimi, niliyetolewa shule kabla sijamaliza kujua herufi kubwa na ndogo! Wasomi wamejaa Kayanga, wana miwani na viatu vya kung'aa. Lakini nawajua. Wakiandika wao wataanza kwa kumtukana huyu mtu na watamaliza kwa kumwombea. Basi naandika mimi, na kama mistari inapanda mlima na kushuka, wewe panda nayo ushuke nayo.

Neno moja kabla sijaanza. Majina nimeyageuza, na kijiji sikitaji. Sema ni upande wa Kanoni, kwenye migomba na kahawa, inatosha. Huyu mtu babake alimbatiza Projest. Mwenyewe anajiita Kemilembe. Mimi nitamwita Kemilembe mpaka nukta ya mwisho, na anayekereka aache kusoma, akapalilie.

Kemilembe alizaliwa nyumbani kwa mzee Nestory, mtu wa kibanja kizuri, shamba la urithi lenye nyumba ndani yake, migomba imeizunguka nyumba mpaka jua linaomba ruhusa kuingia, na mibuni imejibanza chini yake. Nestory na mkewe Benadeta walipata watoto wawili tu: yeye Kemilembe, na mdogo wake Joanitha. Kwa hesabu ya Nestory, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume na amani moyoni, kwa sababu kibanja kilikuwa na mwenyewe.

Amani hiyo ilitikiswa mapema. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, wavulana walikimbizana porini kuwakamata, na wanawake waliketi mkekani kunyonyoa mabawa na miguu. Kemilembe aliketi mkekani. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vya mtu mzima, kikapu chake kilijaa kabla ya vyote. Nestory akaja akamshika sikio mbele ya watu.

"Mwanaume hanyonyoi senene! Inuka!"

Akainuka. Kesho yake akarudi mkekani. Bibi mmoja jirani alimsogezea nafasi pale, akamwambia, "Kaa, mwanangu, kazi haimuulizi mtu ana nini ndani ya kaptula." Jina la Kemilembe alilichukua kwa bibi huyo. Bibi hakuombwa ruhusa, wala hajawahi kulalamika.

Halafu zikaja ndevu. Zilikuja mapema, nyeusi, nene, ndevu za ukoo wa kwao. Nestory alifurahi kama mtu aliyezaliwa upya. Aliwaita majirani, akamgeuza mtoto kidevu huku na huku mbele yao kama anayeuza beberu. "Mnaona? Za kwetu hizi!" Na mtoto amesimama, ametoa macho, kama mbuzi kweli anayeuzwa. Usiku ule ule, wanaume wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kumpongeza, yeye alikuwa nyuma ya jiko anazing'oa kwa kucha, mmoja mmoja, mpaka kidevu kikavimba. Asubuhi walisema ni chunusi.

Alipokuwa mkubwa wa kujitegemea aliondoka, akavuka mipaka, akafika Nairobi. Huko alijifunza kusuka. Nyumbani waliambiwa anafanya kazi ya duka la vipodozi. Si uongo mkubwa, ni uongo wa kutosha tu. Huko alivaa gauni lake, akasuka nywele zake, wateja wakamwita dada Kemi, na dunia haikuanguka.

Lakini ndevu hazijui mpaka wa nchi. Alinyoa asubuhi, mchana kivuli kikarudi. Alipaka poda, poda ikakaa juu ya visiki kama unga uliomwagika kwenye mabua. Ndipo mteja mmoja alipomnong'oneza habari za mama mmoja wa asili ya Rwanda, Kayitesi, mwenye chumba chake ghorofani na taa kubwa yenye kioo cha kukuzia.

Kazi ya Kayitesi inaitwa elektrolisisi. Kemilembe alinitamkia, nikairudia mpaka ulimi ukakubali. Nitaieleza nilivyoielewa. Wembe unakata jani, mzizi unabaki. Nta inang'oa jani, na mzizi bado unarudi. Sindano ya Kayitesi ni nyembamba kuliko unywele wenyewe. Inashuka ndani ya tundu unywele unamotokea, Kayitesi anakanyaga kitufe, umeme kidogo unauma kama siafu, na mzizi unakufa. Kisha kibano kinauvuta unywele, nao unateleza bila kubisha. Huo mmoja. Sasa fikiria ndevu za ukoo ule, nene kama lumbugu, lile jani baya la shambani linalotambaa chini kwa chini. Ni kung'oa lumbugu shamba zima, shina kwa shina, na uso unavimba, na kuna harufu ya unywele ulioungua, na wiki inayofuata unarudi tena.

Kuna na adhabu nyingine. Kabla ya kwenda kwa Kayitesi lazima ndevu ziachwe zikue kidogo, kwa sababu kibano hakishiki kisichoonekana. Siku hizo za kuacha zikue, Kemilembe alijifungia chumbani. Hakufungua mlango hata kwa mwuza maji. Aliziita siku za jela. Alizivumilia kwa sababu zilikuwa na mwisho.

Kayitesi alitaka kupunguza pande zote mbili polepole. "Dada, tukienda hivi hakuna atakayeona mabadiliko. Uso utatulia wenyewe."

"Hapana. Maliza upande huu kwanza."

"Wa kushoto tu? Utakuwa kama shamba lililopaliliwa nusu."

"Maliza, nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Mimi."

Kayitesi akacheka, akatikisa kichwa, akafanya alivyoombwa. Alimaliza mdomo wa juu, akamaliza shavu la kushoto lote, akateremka hadi katikati ya kidevu. Ilichukua muda mrefu, mimi sikuhesabu. Siku alipozima taa yake alisema, "Huku nimemaliza. Hazioti tena. Pengine mmoja mkaidi atarudi, na akirudi uje nimmalizie."

Kemilembe alitundika kioo karibu na mlango wake, mahali ambapo mtu akitoka anajiona upande wa kushoto peke yake. Kila asubuhi alimwona mwanamke anatoka kwenda kazini. Kwa ajili ya hilo tu alikuwa tayari kuanza upande wa kulia, hata ichukue muda gani.

Alikuwa ndani ya siku za jela, ameacha upande wa kulia ukue, simu ilipolia. Alikuwa ni Ambrose, mdogo wa Nestory, baba mdogo.

"Projest, babako ametutoka. Njoo uzike."

Alifumua nywele njiani ndani ya basi. Alipofika Omurushaka, mji wa karibu na kwao, alichukua chumba cha kulala wageni, akanyoa kichwa, akanyoa shavu la kulia, akavaa suruali na koti pana. Alimwambia Kayitesi kwamba atazika na kurudi. Alijiambia hata yeye hivyo hivyo.

Kila nchi ina msiba wake. Kwa watu wa ukoo ule, jeneza likishafunikwa udongo, nyasi zinatandazwa sakafuni nyumba nzima. Wanawake wanalala ndani juu ya nyasi, wanaume wanakaa nje kwenye moto, hakuna anayeshika jembe. Na mrithi haguswi na wembe mpaka siku nyasi zinapoondolewa. Siku hiyo shangazi ndiye anayemnyoa, wembe wa shangazi ndio unaomfanya mtoto kuwa baba, kisha anakalia kiti cha marehemu.

Kemilembe aliyajua hayo yote. Alichosahau ni kwamba mrithi ni yeye.

Ambrose alimshika mkono pale pale kaburini, udongo bado mbichi. "Ndugu zangu, mrithi huyu hapa!" Kisha akamvua begi begani. "Mrithi habebi begi. Mrithi hana safari." Begi lilikwenda kufungiwa kwa Ambrose, na wembe ukiwa ndani, na vidonge vyake vya kuulainisha mwili, na kitambulisho cha kuvukia mpaka.

Utasema, si angekimbia? Mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini sikiliza. Wanaume wa ukoo ule wanasema kibanja hakishikwi na binti. Projest asipokalia kiti, kibanja kinahamia kwa Gideon, mtoto wa Ambrose. Benadeta ni mjane mwenye miguu mibovu. Joanitha ndiye aliyemwosha baba yake, aliyemlisha uji kwa kijiko, aliyepalilia ile migomba peke yake wakati kaka zake wa ukoo wanacheza bao. Kiti kikihama, hao wawili wanafunga mafurushi na kwenda kuomba kona kwa wajomba. Kemilembe aliyaona hayo yote usoni kwa mama yake pale kaburini, akaliacha begi liende. Hiyo ndiyo kamba iliyomfunga. Ya katani mtu anaweza kuikata.

Siku ya kwanza shavu la kulia lilichafuka kidogo. Siku iliyofuata lilikuwa kama mtu aliyejipaka masizi. Kushoto, kitu hakuna. Akaona kwamba keshokutwa hata kipofu atamwona. Akachukua kitambaa, akasema jino linamwuma, akajifunga taya.

Na hapo palikuwa na uchaguzi. Kitambaa kinafunika upande mmoja tu. Akifunika wa kulia, watu wataona uso wake mwenyewe, ule alioulipia kwa maumivu. Akifunika wa kushoto, watamwona mwanaume mwenye ndevu. Alisimama chooni na kile kitambaa mkononi mpaka wakamgongea. Alifunika wa kushoto.

Mchana ule alikaa nje na wanaume. Jirani mmoja, Cleophace, mtu ambaye hata kwenye kaburi lake mwenyewe atachekesha watu, alimtazama anavyotafuna ndizi za maharage.

"Projest, jino linauma upande gani?"

"Huu, mzee."

"Na ndizi unatafunia upande gani?"

"Huu huu."

"Basi hilo jino lina adabu sana. Linauma likishashiba."

Wakacheka mpaka mtu akapaliwa. Ambrose hakucheka. Alimpa kahawa ya kutafuna, akaangalia inavyozunguka mdomoni.

Siku ya kuondoa nyasi ilifika. Wanawake walizikusanya, wakazitupa chini ya migomba. Kiti cha Nestory cha miguu mitatu kikawekwa mlangoni, pembeni yake koti lake na muhoro wake, ule mundu wa kupogolea migomba. Ukoo ukazunguka. Shangazi Salvina, dada mkubwa wa Nestory, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mzito, akaja na beseni na wembe mpya.

"Vua hilo tambara, mwanangu."

"Shangazi, jino…"

"Sinyoi jino. Vua."

Salvina akalivua mwenyewe. Watu wote wakaona: kulia ndevu za Nestory, nyeusi, nene. Kushoto uso wa msichana. Mstari katikati ya kidevu umenyooka kama mpaka wa mashamba mawili.

"Amejinyoa nusu," Cleophace alisema, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Salvina alipitisha kidole gumba juu ya shavu la kushoto, akashuka, akapanda. Kisha akapitisha mgongo wa wembe. "Huku hakuna hata kisiki. Nimenyoa wanaume wa ukoo huu tangu nikiwa msichana. Wembe unaacha visiki. Huku hakujawahi kuota kitu."

Na hapo ndipo walipokosea, kosa ambalo wao tu wangeweza kukosea. Mtu wa mjini angeuliza, umefanyaje uso wako? Wao hawakuuliza. Hakuna mtu wa ukoo ule ambaye akili yake ingefika mahali mwanaume anaziua ndevu zake kwa hiari, tena kwa umeme. Kwao ndevu anatoa baba. Kama hazipo, baba amezinyima.

Mama yake, Benadeta, alijikokota akamwendea. Akaweka kiganja kwenye shavu lile laini, akakiacha hapo. "Upande huu umefanana na mimi," alisema. Tangu azaliwe, Kemilembe hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo, na aliambiwa siku ambayo hakuweza kulijibu.

Ambrose akasimama. "Mmeona wenyewe. Kaka yangu amemkubali nusu. Nusu amesita. Sisi ni nani tumharakishe marehemu? Projest atakaa humu ndani ya kibanja, wembe usimguse, mpaka upande huu uote. Kahawa ikiiva, ikichumwa na kuanikwa, na upande huu bado mtupu, basi kaka amesema hapana, na tutajua kiti kinakwenda wapi."

Hakumtaja Gideon. Hakuhitaji kumtaja.

Umeelewa mtego ulivyofunga? Kile alichokililia maisha yake yote, kwamba hazitarudi tena, sasa ndicho kitakachomtoa mama yake nyumbani. Angesema ukweli, kwamba "nimeziua mwenyewe, mimi si mwanaume," wangempiga kwanza, polisi wangeitwa baadaye, na kibanja kingeondoka siku hiyo hiyo. Angenyamaza, angeketi anasubiri ndevu ambazo mizizi yake ilibaki kwenye pamba ya Kayitesi, Nairobi.

Akaketi, akanyamaza.

Alivaa koti la babake linalonuka tumbaku. Alishika muhoro, akapogoa migomba. Shavu la kulia liliota likawa ndevu kamili. Watoto wa njiani wakampa jina, Nusu Mzee, wakaliimba akipita kuchota maji. Ndani ya nyumba mila ilidai mrithi aitwe baba, hata kabla hajathibitishwa, ili marehemu asione amedharauliwa. Basi mama yake mzazi alimwambia kila asubuhi, "Umeamkaje, baba?" naye alijibu, "Nimeamka salama, mama," na kila mara kitu kilikatika humo ndani.

Dawa zikaletwa. Samli ya ng'ombe. Majivu ya magome. Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi alimwekea mkono akamkemea pepo wa upara wa kidevu. Cleophace alishauri wachukue ndevu za beberu wazichemshe anywe. "Asipoota ndevu, angalau atapanda vizuri mlimani." Na kila Jumapili baada ya kanisa Ambrose alifika, akamketisha juani, akamgeuza kidevu kwa kidole gumba. Huku na huku. Kama Nestory zamani.

"Bado," alisema, na furaha yake aliificha vibaya.

Joanitha alijua siku ya kuchuma kahawa. Walikuwa wawili kwenye mbuni mmoja, vikapu kiunoni. Joanitha ni mtu asiyezunguka.

"Kaka, wewe hilo shavu hulishangai. Wote tunalishangaa isipokuwa wewe."

Kemilembe alichuma tunda, akachuma la pili. Kisha akamwambia yote, mkekani pa senene, Nairobi, gauni, Kayitesi na sindano yake. Hakumtazama. Alipomaliza, Joanitha alikuwa ameacha kuchuma.

"Inauma?"

"Sindano? Mdomo wa juu, machozi yanatoka yenyewe."

"Na jina je? Huko wanakuita nani?"

"Kemilembe."

"Kama bibi yule wa jirani! Mkaidi yule!" Joanitha alicheka akashika mti. Kisha akalia. Kisha akakasirika, ndivyo alivyo. "Sasa wewe unakaa humu unangoja nini? Hazioti! Umesema mwenyewe hazioti! Ondoka!"

"Na nyinyi?"

"Sisi tutajua."

"Mama atalala kwa nani, Joanitha? Mama hajui kulala kwa mtu. Hata harusini anataka kurudi kwake."

Joanitha akarudi kuchuma, kwa sababu ni kweli. Tangu siku ile, wakiwa peke yao, alimwita dada. Watu wakitokea, baba. Ulimi wa yule msichana ulichoka kuliko mikono yake.

Kahawa ikachumwa. Ikaanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na wote wawili wakawa wanaigeuza kwa mikono, jua likiwaka. Jumapili ya mwisho ilikuwa kesho. Joanitha aliinua kichwa kumpa maji, akaganda.

"Dada, usicheze. Geuka hivi."

"Nini?"

"Upo."

"Nani?"

"Unywele. Chini ya shavu, hapa. Mmoja."

Kemilembe aliingia ndani akachukua kioo cha mama yake, akatoka nacho juani. Kweli. Kushoto, karibu na pembe ya taya, unywele mmoja, mweusi, umesimama wima kama mlinzi. Ule mkaidi wa Kayitesi. Kwa miaka yote aliyovizia kioo, hakuna unywele aliouchukia kama ule, na hakuna unywele uliowahi kuwa na maana kama ule.

Joanitha alikuwa tayari na kucha zake. "Ninang'oa. Nang'oa sasa hivi, hakuna aliyeona. Kesho Ambrose ataona patupu, atasema marehemu amekataa, nawe utakuwa huru. Utarudi kwa Kayitesi, utamaliza upande wako."

"Na kibanja?"

"Achana na kibanja!"

"Mama."

"Nimesema tutakwenda kwa wajomba!"

"Mama, Joanitha." Hakuwa anambishia, alikuwa anamwonyesha. Benadeta alikuwa amekaa kizingitini pake, miguu yake mibovu ameinyoosha juani, anachambua maharage na kuimba pambio kwa sauti ya puani. Alikuwa ameegemea mhimili ule ule alioegemea alipokuja bibi arusi.

Kemilembe alishika mkono wa mdogo wake, akauteremsha taratibu.

"Usiuguse."

Kesho yake, baada ya kanisa, ukoo wote ulifika, kwa kuwa kahawa ilikuwa imekauka na ahadi ni ahadi. Gideon alikuja amevaa shati jipya. Kemilembe aliketi juani. Ambrose akamshika kidevu, akamgeuza, tayari amefungua mdomo kusema neno lake. Mdomo ukabaki wazi.

"Shangazi Salvina," Kemilembe akasema, "njoo uone na wewe. Baba mdogo macho yamemchoka."

Salvina akaja, akainama, akaugusa kwa ncha ya kidole. Kisha akapiga kigelegele ambacho kilifika mpaka barabarani. "Ameanza! Nestory ameanza! Mmoja ni wengi!" Wanawake wakapokea. Cleophace akacheza kidogo kwa mguu mmoja. Benadeta alilia, akaita, "Baba, baba, baba," na Kemilembe akatabasamu kwa upande mmoja.

Walimketisha kwenye kiti. Salvina akanyoa ndevu zote za kulia, zikaanguka kwenye beseni. Ule mmoja wa kushoto hakuugusa. "Huo ni mkono wa marehemu," alisema. "Huo asiukate mtu, siku zote za uhai wake."

Neno la kwanza la mrithi halipingwi. Kemilembe alisema, "Mama yangu na Joanitha hawatolewi humu na mtu yeyote."

"Sawa, kaka," Ambrose alijibu, maana sasa alikuwa kaka yake. Kisha akaongeza, mpole kama maziwa: "Na mrithi halali nje ya kibanja. Akilala nje, kiti kimeachwa, nasi tutakaa upya. Na nitakuwa napita Jumapili, kusalimia tu, na kuuangalia huo unywele."

Basi ndivyo alivyo leo. Ukipita asubuhi utamwona kwenye kiti cha miguu mitatu, koti begani. Shavu la kulia analinyoa, mchana linarudi. La kushoto ni laini kama alivyolitaka, na juu yake upo ule mmoja, umerefuka, umejikunja. Kayitesi hupiga simu: "Dada, upande wa kulia unakungoja." Yeye humjibu kwamba kahawa imemshika. Siku za jela zilikuwa na mwisho wake zamani. Hizi Ambrose ndiye anayezishika, kila Jumapili, kwa kidole gumba.

Sasa wewe. Usifunge karatasi ukahema na kusema maskini. Nimesikia redioni kwamba sheria ya ardhi ya vijiji haimbagui mwanamke, na binti anaweza kushika shamba la babake. Nimemwambia mwenyekiti wa kitongoji, akaniambia ni maneno ya redio. Mimi kusoma sheria siwezi, herufi zake ni ndogo mno. Wewe umesoma mpaka hapa, kwa hiyo kusoma unajua. Itafute hiyo sheria. Shuka Kanoni, uliza nyumba ya bibi mkaidi, mtu yeyote atakuonyesha, nami nitakupeleka mwenyewe. Utasimama mbele ya baraza la ardhi, Ambrose akiwa amekaa pale, utaisoma kwa sauti mpaka Joanitha apewe kibanja kwa jina lake. Siku hiyo hiyo Kemilembe atapanda basi.

Na usije mikono mitupu. Lete kibano.